Wino Wako Utadumu? Mwongozo Kamili wa Kupima Wino wa Kalamu kwa Jua na kwa Asidi

Mtu akishazoea kalamu ya wino na kuanza kununua chupa za rangi mbalimbali, maswali mawili humwandama. Wino huu utaila kalamu yangu? Na haya niliyoandika yatasomeka wajukuu watakapoyafungua? Wengi huyapa maswali yote mawili jibu moja: wakisikia wino ni salama kwa kalamu hudhani unadumu, wakisikia una asidi hudhani ni mbaya kwa kila kitu. Sivyo. Swali la kwanza ni la asidi, la pili ni la mwanga, na mara nyingi majibu yake hupingana.

Chukua wino wa buluu wa shuleni unaotoka kwa maji, kama Pelikan 4001 Royal Blue. Karibu kila kalamu inauvumilia, lakini maandishi yake yakikaa dirishani hupauka huku unaona. Wino wa chuma, unaotengenezwa kwa tanini ya vinundu vya mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga, una asidi nyingi. Hata hivyo Uingereza wasajili wa vizazi, ndoa na vifo waliutumia kwenye vitabu vyao kwa sababu maandishi yake hayafutiki kirahisi. Wino wa kaboni, kama Platinum Carbon Black, jua haliuwezi, wala hauna asidi ya kutisha, ila ukikaukia ndani ya kalamu utajuta. Kwa hiyo tunapima mara mbili, kila jambo kivyake, na matokeo tunayaandika kwenye safu mbili tofauti.

Vitu vya kuandaa

Kwa kipimo cha jua unahitaji karatasi nzuri, foili ya alumini, kadi ngumu, kipande cha kioo safi cha dirisha au fremu ya picha, pamba za masikio, kalamu ya kuchovya na penseli. Kwa kipimo cha asidi unahitaji vikaratasi vya pH (vya kupimia uasidi), vichupa vidogo vyenye vifuniko, bomba la sindano lisilo na sindano, na maji safi yaliyotoneshwa. Mashine ya pH ni bora zaidi ukiweza kuipata, ila si lazima.

Maji yaliyotoneshwa hupatikana kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana rafu hiyohiyo huuza pia asidi ya betri, na hiyo ni asidi ya salfuriki inayounguza ngozi na nguo. Usitumie maji ya bomba wala ya chupa ya kunywa, kwa kuwa madini yaliyomo hubadilisha kipimo.

Kitu ambacho watu husahau ni wino wa kulinganishia, na bila huo kazi yote ni kubahatisha. Tafuta wino mmoja unaojulikana kwa kupauka haraka (buluu ya shuleni inafaa sana) na mmoja usiopauka (wino wa kaboni). Kila karatasi ya majaribio iwe na mistari ya wino hizo mbili. Ukisema "wino wangu ulipauka baada ya mwezi mmoja" hujamwambia mtu kitu, kwa sababu mwezi mmoja wa Mombasa si mwezi mmoja wa Njombe, na dirisha langu si dirisha lako. Ukisema "ulipauka polepole kuliko buluu ya shuleni, lakini ulikuwa umebadilika wakati kaboni bado iko vilevile", popote mtu alipo atakuelewa.

Maabara hufanya hivyohivyo kwa kutumia kadi ya sufu ya buluu, iliyomo kwenye viwango vya ISO 105. Ina vipande 8 vilivyotiwa rangi tofauti: cha 1 hupauka upesi kabisa, cha 8 ni kigumu kabisa, na kila kimoja hustahimili takriban mara mbili ya kilichokitangulia. Kadi hizo huuzwa na wauzaji wa vifaa vya makumbusho na vya viwanda vya nguo. Ukiipata, iweke kando ya sampuli zako. Usipoipata, wino zako mbili za kulinganishia zinatosha.

Karatasi

Karatasi ya gazeti hugeuka njano yenyewe kwa sababu ya lignini, kiambata cha asili cha mti, na utashindwa kujua kama kilichobadilika ni wino au ni karatasi. Karatasi nyingi nyeupe za fotokopi zina dawa ya kung'arisha ambayo nayo hufa juani, hivyo weupe wake hupungua na rangi zote juu yake huonekana zimechafuka. Nzuri kuliko zote ni karatasi ya rangi za maji iliyotengenezwa kwa pamba, isiyo na asidi wala king'arishaji. Weka pia kipande cha karatasi unayoandikia kila siku, hata kama ni ya daftari la kawaida, maana hapo ndipo wino wako utakapoishi.

Kutengeneza sampuli

Kata vipande vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 15. Kwenye kila kipande weka wino kwa namna tatu: bapa nene lililopakwa kwa pamba ya masikio, mistari ya kawaida ya nibu (ncha ya kalamu), na bapa la wino uliochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Sababu ni kwamba rangi nene hujilinda yenyewe. Tabaka la juu hupigwa na jua huku la chini likibaki. Ukipima kwa bapa nene peke yake utausifia wino kwa uimara ambao mstari mwembamba wa nibu hauna. Kwangu mimi mistari ya nibu ndiyo yenye neno la mwisho, kwa kuwa hakuna anayeandika barua kwa pamba ya masikio.

Jina la wino, tarehe na aina ya karatasi viandikwe kwa penseli. Risasi ya penseli haipauki. Ukiandika kwa wino uleule unaoupima, lebo yako inaweza kuondoka pamoja na ushahidi.

Ziache sampuli zikauke wiki nzima kabla ya kuzipeleka juani. Kwa wino wa chuma hilo ni la lazima. Unapotoka kwenye nibu huwa na rangi ya buluu au zambarau, ambayo ni ya muda tu. Chuma kikikutana na hewa ndipo weusi hujijenga, siku baada ya siku. Ukiupeleka juani ungali mbichi utaona buluu ikikimbia na utadhani wino wote umeondoka.

Kuchagua dirisha

Miongozo mingi ya Ulaya husema weka sampuli kwenye dirisha la kusini. Anayeishi London au Maskati afuate hivyo. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, dirisha la kusini mwezi Juni haligusi jua hata dakika moja; jua liko upande wa kaskazini kutwa nzima. Kufika Desemba mambo hugeuka. Nairobi nako ni hivyohivyo, jua hukaa karibu nusu mwaka kaskazini na nusu mwaka kusini. Kwa hiyo kwetu sisi dirisha zuri ni la mashariki au la magharibi, linalopata jua la nusu siku mwaka mzima. Mimi napenda la mashariki, kwa sababu jua la asubuhi haliichomi sana karatasi.

Angalia pia kilicho kati ya sampuli na jua. Wavu wa mbu hupunguza mwanga, na vioo vya rangi au vilivyobandikwa karatasi ya giza hupunguza zaidi. Kioo cha kawaida chenyewe huzuia sehemu kali kabisa ya miale ya urujuanimno lakini huachia sehemu kubwa ya iliyobaki, na hiyo inafaa, kwa sababu ndiyo hali ya maandishi yaliyotundikwa ukutani. Ukiziweka nje, zifunike kwa kioo dhidi ya umande, vumbi na kinyesi cha ndege, na acha nafasi ya hewa nyuma yake. Karatasi iliyobanwa kwenye kioo cha moto hupata pigo la joto pamoja na la mwanga.

Wanaotaka haraka hununua taa za kucha za saluni. Nyingi za siku hizi hutoa mwanga wa nanomita 365 na 405 tu, wakati jua lina kila kitu. Zitapausha baadhi ya wino, lakini kwa mpangilio ambao huenda usifanane na wa jua. Siziamini.

Ngazi ya majuma manane

Namna ya kawaida ni kufunika nusu ya sampuli na kuacha nusu. Inafanya kazi, ila inakuonyesha mwanzo na mwisho tu. Kuna njia nzuri zaidi, na haikuongezei kazi.

Gawa kila kipande sehemu tano. Ya kwanza iache wazi tangu siku ya kwanza. Nyingine zote zifunike kwa foili iliyokunjwa juu ya kadi na kubanwa vizuri pembeni, maana mwanga huingia kwenye upenyo wowote. Wiki ya nne ikiisha, fungua sehemu ya pili. Ya sita ikiisha, fungua ya tatu. Ya saba ikiisha, fungua ya nne. Sehemu ya tano haifunguliwi kamwe. Siku ya kumaliza wiki ya nane unatoa kipande chote, na mbele yako una wino uleule uliokaa juani majuma 8, 4, 2, 1 na sifuri. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia, kwa hiyo jicho linaona mkondo wa kupauka badala ya kuona mwisho wake tu.

Tengeneza pacha wa kila kipande, umtie kwenye bahasha na kumfungia ndani ya droo. Foili huzuia mwanga lakini haizuii joto wala unyevu. Kama sehemu iliyofunikwa imebadilika na pacha wa kwenye droo hajabadilika, ujue joto au unyevu umehusika. Pwani hili si jambo dogo. Karatasi hula unyevu na inaweza kuota ukungu kabla jua halijafanya chochote.

Usishangae majuma manane yakitosha. Jua la saa sita mchana hufika karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Makumbusho hupunguza mwanga hadi laksi 50 kwa nyaraka zinazopauka kirahisi. Kwa hesabu ya mwanga peke yake, saa moja ya jua kali ni sawa na saa 2,000 za makumbusho, yaani siku 250 za saa nane nane. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, kwani jua huleta na urujuanimno na joto ambavyo makumbusho hayana.

Kusoma matokeo

Tazama sampuli kivulini nje, mchana, bila taa. Toa alama kuanzia 5 hadi 1: 5 hakuna mabadiliko, 4 unayaona ukilinganisha kwa makini, 3 yanaonekana bila kutafuta, 2 yamepauka sana lakini yanasomeka, 1 hayasomeki. Picha ya simu ni kumbukumbu tu. Simu hurekebisha rangi yenyewe na itakudanganya, hasa kwenye waridi na zambarau.

Andika pia rangi ilikoelekea. Wino mwingi ni mchanganyiko wa rangi mbili au tatu, na kila moja hufa kwa wakati wake. Kijani kinaweza kuwa buluu kwa sababu njano imetangulia. Weusi unaweza kugeuka kahawia au zambarau. Ukitaka kujua mapema kilichomo, dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, kisha tone la maji katikati, na rangi zitatengana kwa duara. Waridi na nyekundu nyangavu ndizo zenye sifa mbaya. Rangi ya eosini, iliyozoeleka kwenye wino mwekundu, ni ileile ambayo imetoweka kwenye baadhi ya picha za Vincent van Gogh na kuziacha sehemu zilizokuwa za waridi zikiwa nyeupe, na za zambarau zikiwa buluu.

Kabla ya kutupa chupa iliyopata alama 1, jiulize maandishi yako yanakaa wapi. Daftari lililofungwa ndani ya kabati halioni jua, na wino dhaifu humo unaweza kudumu muda mrefu. Kinachohitaji alama 5 ni cheti cha ukutani, kadi ya harusi ndani ya fremu, lebo ya faili linalokaa mezani karibu na dirisha.

Kupima asidi kwa vikaratasi

Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14. 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Kila hatua moja ni mara kumi: wino wa pH 2 una asidi mara elfu kuliko wa pH 5. Kwanza hakikisha vikaratasi vyako vinasema kweli. Chovya kimoja kwenye siki ya kawaida, kinapaswa kusoma kati ya 2 na 3. Chovya kingine kwenye maji yaliyotoneshwa yenye soda ya kuokea, kinapaswa kusoma kama 8. Visipokaribia hapo, vimezeeka. Maji yaliyotoneshwa peke yake yakisoma chini ya 6 usihangaike, yamevuta kaboni dioksidi kutoka hewani.

Tatizo ni kwamba wino wenyewe una rangi. Ukitumbukiza kikaratasi ndani ya wino mweusi, utasoma weusi. Wengine huuzimua kwa maji mengi hadi uwe mwangavu, lakini kuzimua hubadilisha kipimo: asidi kali ikizimuliwa mara kumi hupanda hatua nzima.

Fanya hivi. Weka matone mawili matatu ya wino katikati ya karatasi ya kuchujia kahawa iliyolala juu ya mdomo wa glasi. Subiri. Maji hukimbia mbele ya rangi, na pembeni mwa doa utaona utepe mwembamba ulio karibu mweupe lakini umelowa. Bonyeza kikaratasi cha pH kwenye utepe huo, kaa sekunde chache, kisha kisome kwa upande wa pili. Kwa wino mwingi wa rangi za kawaida utapata jibu la kuaminika ndani ya hatua moja. Wino wenye rangi zinazokimbia sawasawa na maji, nyekundu hasa, utakusumbua, na hapo mashine haina mbadala. Wapo wanaotumia maji ya rosela au ya kabichi nyekundu badala ya vikaratasi. Kumfundishia mtoto kemia ni safi kabisa, ila juu ya wino wa zambarau hutaona kitu.

Kupima kwa mashine

Irekebishe kwanza kwa miyeyusho ya pH 7.00 na 4.01, ukishuku wino ni wa besi, ongeza ya 10.01. Vuta mililita 5 za wino kwa bomba la sindano, tia kichupani na zamisha ncha ya mashine hadi tufe lake dogo la kioo na kitundu cha pembeni vifunikwe. Usizimue. Subiri namba itulie. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa na gusisha tishu bila kusugua. Anza na wino mwepesi, maliza na wa kaboni na wenye vumbi linalong'aa, kwa sababu huo huziba kitundu. Ncha ihifadhiwe kwenye mmumunyo wa kloridi ya potasiamu, si kwenye maji yaliyotoneshwa, ambayo huiua polepole. Wino uliopimwa usirudi kwenye chupa.

Namba zinasema nini

Chini ya 3, mara nyingi una wino wa chuma mkononi. Utumie kwenye kalamu yenye nibu ya dhahabu au chuma kisichoshika kutu kilicho kizuri, ioshe kalamu kila wiki mbili, usiiache ikauke. Kati ya 3 na 6 kuna wino nyingi za kawaida ambazo hazijamsumbua mtu. Kati ya 6 na 8 lala usingizi. Kuanzia 9 kwenda juu, tahadhari kwa kalamu za kale za seluloidi au kaseini, ambazo ni plastiki za zamani. Kampuni ya Parker ilipotoa kalamu yake ya 51 mwaka 1941, iliiandalia wino wa besi kali unaokauka upesi, na ikaonya usitiwe kwenye kalamu nyingine yoyote. Besi huuma kama asidi inavyouma, ila haisemwi sana.

Kama bado una shaka, pima moja kwa moja. Chukua nibu mbili za bei rahisi za kuchovya. Moja isimamishe kichupani ikiwa nusu ndani ya wino na nusu hewani, nyingine vivyo hivyo ndani ya maji yaliyotoneshwa. Funga, acha mwezi. Kutu huanzia pale wino unapokutana na hewa, kwa hiyo safisha na utazame mstari huo kwa kioo cha kukuzia: utaona vishimo vidogo, au chuma kilichogeuka cheusi na chenye mikwaruzo ukikipitishia ukucha. Nibu hizi mara nyingi hazina kinga ya kutu, hivyo ikiharibika haina maana kwamba ya kalamu yako itaharibika. Ikibaki safi, ondoa hofu.

Uasidi huhusu karatasi pia. Wino wa chuma wa zamani, uliotiwa chuma kupita kiasi, umetoboa kurasa za muziki ulioandikwa kwa mkono na Johann Sebastian Bach: asidi ilikata nyuzi za karatasi, na chuma kilichobaki huru kikaharakisha kuoza kwake. Wino wa chuma wa leo hutengenezwa kwa kipimo cha chini zaidi. Ukirithi barua ya kale yenye herufi za kahawia zilizozungukwa na madoa, usiipime kwa maji. Mpelekee mhifadhi wa nyaraka.

Usichanganye wino bila kupima mchanganyiko wenyewe. Wa asidi na wa besi wakikutana wanaweza kugandisha rangi na kuwa tope ndani ya kalamu. Tia kiasi sawa kichupani, acha wiki, kisha inamisha. Ukiona chembe zimeshikamana chini, jibu umelipata.

Pacha za kwenye droo zitunze, na kwenye kila moja andika namba iliyopigwa muhuri kwenye boksi. Viwanda hubadilisha mapishi bila kubadilisha jina. Montblanc Midnight Blue ya awali ilikuwa wino wa chuma. Baadaye ikatengenezwa bila chuma, na jina likabaki lilelile. Chupa mpya ikifika, chora mistari yake kando ya ile ya zamani, uiache wiki moja dirishani.